Ubeti wa Nne

Jina lake nalijua, lakini hakuna aliyelitumia. Wazazi, chifu, padri, hata mke wake akiwa na wageni, wote walimwita Mwalimu wa Kwaya, nami nitamwita hivyo hivyo. Tulifundisha shule moja ya msingi iliyopakana na shamba kubwa la chai, ukitoka Kericho kuelekea Bomet. Yeye alifundisha hesabu darasa la saba, na sijawahi kukutana na mtu anayeikumbuka hesabu hiyo. Mimi nilikuwa na darasa la kwanza. Jioni, watoto wakishaenda, niliimba alto katika kwaya yake ya walimu.

Hakuwa mtu wa kutazamwa. Alikuwa mwembamba, mwenye koti la kahawia na gambuti alizovaa hata siku za jua, kwa sababu kwetu jua la asubuhi si ahadi ya lolote. Akiongea ulilazimika kusogea karibu. Tena aliongea kama wazee wengi wa Kipsigis, herufi zikibadilishana viti: bendera ikawa pendera, daktari akawa taktari. Hakuona haya. Lakini ndani ya wimbo hakukosea hata mara moja, na hakumruhusu mtu mwingine akosee.

"Madam," aliniambia mara ya kwanza nilipoimba mbele yake, "hiyo ni b. Funga mdomo kwanza, ndio ufungue."

"Lakini wewe mwenyewe unasema pendera, Mwalimu."

"Nikisema, nasema tu. Nikiimba, hiyo ni kazi."

Kila kitu kwake kiligawanyika hivyo. Kulikuwa na kusema, na kulikuwa na kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Bwana DO, afisa wa tarafa yetu, alituma askari na ujumbe kwamba mgeni mkubwa anakuja: sikukuu ya taifa, au harambee, au kufungua kituo cha kununulia chai. Kuanzia siku hiyo masomo yalikwisha. Mwalimu wa Kwaya aliandika solfa, zile do-re-mi, ubaoni, juu ya hesabu za watu, nasi tukaimba mpaka mkutano ufike. Tuliimba barabara. Tuliimba maziwa ya shule. Tuliimba bei ya majani chai, hata mwaka ambao wakulima walikuwa wakinung'unika juu ya bei hiyo katika kila jiko. Wimbo mmoja aliutunga ukiwa na shimo katikati, mahali pa kutia cheo na jina la mgeni, ili asilazimike kutunga upya kila mara. Waziri alitoshea, mkuu wa mkoa alitoshea. Mgeni mwenye jina refu alipokuja, Mwalimu aliongeza pigo moja la ngoma na jina likaingia.

"Huyu amekufanyia nini, Mwalimu?" aliuliza siku moja mwalimu kijana aliyekuwa ametoka tu chuoni.

Mwalimu wa Kwaya alimwonyesha juu kwa kidole. Tulikuwa ndani ya chumba cha darasa la tano. Miaka miwili nyuma upepo na mvua ya mawe vilikuwa vimeling'oa paa lote la jengo hilo, na watoto walisoma chini ya mikaratusi hadi kwaya ilipoimba mbele ya mkuu wa wilaya. Juma lililofuata lori likaleta mabati.

"Hiyo paa," alisema, "iliimbwa."

Mvua ilipokuja mchana ule hatukulowa.

Jumapili alikuwa na kwaya ya kanisa, na hapo ndipo ungeona alivyokuwa mchumi. Alipenda kutumia sauti moja mara mbili. Mahali ambapo Jumamosi kwenye uwanja tuliimba kwamba baba yetu ametuletea barabara, Jumapili tuliimba kwamba Baba yetu ametuonyesha njia. Siku moja waimbaji wawili wa soprano walichanganya, wakamshukuru Mungu kwa kituo cha kununulia chai. Waumini wakacheka, padri akacheka. Mwalimu hakucheka wala kukasirika. Alisema tu baadaye, tukikunja viti, "Mdomo ukishazoea, moyo hauulizwi." Nilidhani anatuonya. Sasa sijui kama alikuwa anaonya au anaeleza.

Nyumbani kwake hakukuwa na wimbo. Hakuwa na redio pia, ingawa nyimbo zake zilisikika redioni kabla ya taarifa ya habari. Mke wake, Mama Chebet, alikuwa mkulima wa chai na ng'ombe, mama mpana asiyependa maneno. Nilimpelekea maziwa ya watoto wa darasa langu ayachemshe, nikamwuliza kama Mwalimu huwaimbia wajukuu.

"Hapa? Hapa ni kimya," alisema. "Yote amepeleka huko nje. Hapa analeta gambuti tu."

Kitu kingine alichopeleka nje ni chakula. Mama Chebet hakutaka samaki nyumbani mwake. Watu wa rika lao wengi hawakula samaki, na harufu yake walidai inakaa kwenye kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando. Lakini Mwalimu wa Kwaya alipenda samaki. Aliwazoea alipokuwa chuo cha ualimu, akaendelea kuwatamani kimyakimya. Mama yangu alikuwa akiuza omena na mbuta waliokaushwa kwenye soko la shamba. Alikuja kutoka ziwani akiwa msichana, akachuma chai mpaka vidole vikakataa kunyooka, kisha akaanza biashara. Mimi nilizaliwa kwenye kambi ya wachumaji, na Kipsigis nilikijua kabla ya kujua kusoma. Basi kila baada ya mazoezi Mwalimu alikuja nyumbani kwetu, akavua gambuti mlangoni, akaketi kwenye kigoda jikoni, akala mbuta na ugali. Akimaliza alinawa mikono kwa majani ya limau.

"Kongoi, Mama Atieno," alishukuru.

"Salimia Mama Chebet," mama alijibu, na wote wawili walijua kwamba salamu hiyo haitafika.

Nimesimulia haya ili ijulikane kwamba alitujua. Alikaa jikoni mwetu.

Wimbo wa kufagia aliutunga kwa ajili ya siku ya afya. Kipindupindu kilikuwa kimeingia kambini, na afisa wa afya alitaka wimbo wa usafi. Ulikuwa wimbo mdogo mzuri, wa beti tatu. *Nyumba yetu tufagie, na jikoni tufagie.* Ubeti wa pili ulikuwa wa choo, wa tatu wa kisima. Watoto waliupenda kwa sababu ulikuwa na mwendo wa kufagia kweli, shh, shh, sauti ya besi ikivuta chini. Uliimbwa kambini, kwenye michumo, kwenye foleni ya kupima majani. Mama aliuimba akifagia magamba ya samaki.

Kisha ukafika mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi. Watu wa kwetu, wa kutoka ziwani, walijulikana watapigia kura upande gani hata kabla hawajafungua mdomo. Barazani maneno yalibadilika. Wakaanza kusema wenyeji na wageni, na mtu aliyezaliwa pale akajikuta ni mgeni. Mheshimiwa mmoja alipanga mkutano karibu na Merigi, na kwaya ya walimu ikaitwa. Tulifanya mazoezi juma zima, na wimbo uliochaguliwa ulikuwa wa kufagia.

Siku mbili kabla ya mkutano Mwalimu wa Kwaya alituambia kuna ubeti wa nne. Utaimbwa na wanaume. Sisi wa soprano na alto tutaguna chini yake kwa mdomo uliofungwa. Hakutuandikia maneno, alituandikia solfa tu.

"Maneno ni gani?" niliuliza.

"Guna tu, Madam. Usisukume sana."

Niliyasikia mara ya kwanza nikiwa jukwaani, mbele ya watu waliojaa uwanja mpaka kwenye ua wa chai. *Takataka za kuletwa, zirudi zilikotoka.* Wanaume waliimba, sisi tukaguna. Maelewano ya sauti yalikuwa mazuri. Mheshimiwa alisimama akapiga makofi, akachukua kipaza sauti. "Mmesikia walimu wenu wanasema nini? Ni mimi nimesema? Ni walimu!" Uwanja ukacheka. Kisha ukaanza kuimba, ubeti huo wa nne peke yake, tena na tena, nasi tukiwa bado tumesimama kwenye mistari yetu. Nilimtazama Mwalimu wa Kwaya. Alikuwa amefumba macho, mkono ukiendelea kuhesabu mapigo, kwa sababu uwanja ulikuwa unakimbia na yeye alitaka kuushika.

Nilirudi nyumbani nikapika. Mama alikuwa amekwisha kusikia, maana mambo kama hayo hufika kabla ya watu.

"Wewe uliimba?" aliniuliza.

"Niliguna."

Alichambua omena kwa muda. "Basi kula," alisema.

Baadaye watu walibishana ubeti ule ulitoka wapi. Wengi walisema uliletwa na watu wa mheshimiwa, na Mwalimu wa watu akalazimishwa. Wengine walisema hakujua. Yeye mwenyewe hakusema. Jioni ile hakuja kula, wala iliyofuata.

Kisha nyumba zikaanza kuchomwa. Sitazieleza. Kila aliyekuwa huko anajua moshi wa nyumba si kama moshi wa shamba, na asiyejua hatasaidika nikimwambia. Asubuhi moja ulionekana ng'ambo ya bonde letu. Watu wa kambi walikuwa wakikimbilia kituo cha polisi, lakini mama hakuweza kukimbia, na njia ya kwenda misheni ya Kaplong ilikuwa na unafuu kwa miguu yake. Tulikuwa tunafunga godoro kwa kamba Mwalimu wa Kwaya alipotokea mlangoni, amevaa koti lake. Hakuvua gambuti.

"Mama Atieno," alisema. "Twende."

Tulitembea kati ya chai, yeye mbele. Hakugeuka. Kwenye daraja vijana walikuwa wamelaza gogo la mkaratusi katikati ya barabara. Walikuwa na pinde na mapanga, nyuso zimepakwa udongo, na walikuwa wanaimba ubeti wa nne. Mmoja wao, Kiprono, alikuwa amepita darasani kwangu. Nilimfundisha kushika penseli. Alinitazama kama mtu anavyotazama ukuta.

"Mwalimu," alisema, "hawa unapeleka wapi?"

Mwalimu wa Kwaya aliinamisha kichwa upande, akasikiliza mpaka walio nyuma wakanyamaza kwa kuona aibu.

"Nani ameshika besi?" aliuliza.

"Mwalimu, sisi tuko kazi."

"Hata mimi niko kazi. Hiyo mnaimba ni nini? Ni kelele. Besi iko wapi? Kiprono, wewe kanisani ulikuwa sauti ya tena. Ingia huku. Nyinyi warefu, kule. Weka panga chini, utakata mwenzako."

Sijui kwa nini walitii. Nadhani ni kwa sababu walikuwa wamemtii tangu wakiwa na miaka sita, na mwili husahau polepole. Walijipanga, sauti ya tena upande huu na besi upande ule. Mmoja akaweka panga nyasini. Mwalimu aliinua mkono, na bila kututazama, kwa sauti ile aliyotumia kunituma chaki, akasema, "Madam, peleka mama."

Kisha akafumba macho, akawapa sauti, wakaanza kutoka ubeti wa kwanza.

Waliimba vizuri. Lazima niseme hivyo. Nyumba yetu tufagie, na jikoni tufagie, besi ikivuta chini. Tulilipanda gogo, mama kwanza, halafu godoro, halafu mimi. Tulikuwa upande wa pili walipofika ubeti wa nne. Nilikuwa nimezoea kuguna chini ya maneno yale, na koo langu likaanza kuguna lenyewe, alto, mahali pake hasa. Mama alinibana mkono kwa nguvu. Nikanyamaza. Tukaendelea kutembea.

Husemwa kwamba aliwashikilia pale darajani mpaka adhuhuri, akiwarudisha mwanzo kila wakikosea, na kwamba watu wengine kadhaa walipita. Husemwa pia kwamba walipoondoka pale waliimba vizuri zaidi, na kwa sauti kubwa zaidi, na hivyo ndivyo walivyoingia kambi iliyofuata. Nimesikia yote mawili kwa watu ninaowaamini.

Kaplong tulilala kwenye ukumbi wa kanisa pamoja na familia nyingi. Mama akaenda kwa kaka yake ziwani, mahali alipokuwa mgeni kweli, maana alikuwa ameondoka huko akiwa msichana. Mimi muhula ulipofunguliwa nilirudi shuleni. Watu huniuliza kwa nini. Nilikuwa nimeajiriwa. Mwalimu mkuu alituma habari kwamba kuna usalama, na kweli kulikuwa na askari langoni. Darasa langu lilikuwa na madawati matupu upande wa dirishani. Niliwasogeza waliobaki wakae karibu karibu, tukaendelea na herufi.

Juma hilo la kwanza Mwalimu wa Kwaya aliingia darasani kwangu akaniwekea karatasi ya solfa mezani. Kulikuwa na mkutano wa amani. Mgeni mkubwa anakuja.

"Alto sina," alisema.

Nilichukua karatasi. Jumamosi nilisimama mahali pangu kwenye mstari. Pembeni mwangu, mahali alipokuwa akisimama mwalimu wa darasa la nne aliyekuwa hajarudi, palikuwa na nafasi, na hakuna aliyeijaza. Tuliimba. Nilipokwenda kumwona mama mwisho wa mwezi aliniuliza tunaimba nini siku hizi.

"Shukrani," nilisema.

"Za nini?"

"Za amani."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichokusudia kununua.

Mwalimu wa Kwaya hakuwahi kunitajia daraja, nami sikuwahi kumshukuru. Tulizungumza juu ya pumzi na matamshi. Mara moja tu, mvua ikitushikilia ofisini, alisema kama anayeongea na dirisha, "Siku hizi soko halina samaki." Nikasema halina. Mwaka uliofuata nilipata uhamisho, nikaenda kufundisha karibu na ziwa. Huko sikujiunga na kwaya yoyote. Si kwamba niliapa. Hawakuniuliza, nami sikusema kwamba najua.

Miaka ile ya tisini ilikuwa inakaribia kwisha nilipomwona tena. Mdogo wangu, aliyeolewa upande ule, alikuwa amejifungua katika hospitali ya misheni ya Kaplong, nikaenda kumtazama. Kwenye benchi la wagonjwa wa nje, kati ya akina mama wenye watoto, nilimwona amekaa wima, koti likiwa jingine lakini gambuti ni zile zile kwa sura. Alikuwa amestaafu. Kifua kilikuwa kinamsumbua, alisema. Baridi ya kule juu. Nilikaa pembeni yake kwa sababu palikuwa na nafasi.

"Mama Atieno yuko?" aliuliza.

"Alifariki, Mwalimu. Mwaka juzi."

"Pole, Madam. Sikupata habari."

"Asante."

Mtoto mmoja alikuwa analia, mama yake akimbembeleza kwa wimbo usio na maneno. Mwalimu wa Kwaya alisikiliza kidogo, kisha akasema, bila mimi kumwuliza chochote:

"Watu husema niliandikiwa."

Nilijua anazungumzia nini. Hapakuwa na kitu kingine kati yetu.

"Sikuandikiwa. Walikuja nyumbani na maneno yao, ni kweli. Lakini yalikuwa mabaya. Sentensi ndefu kama ya gazeti. Wageni wote wasiofuata msimamo wa wenyeji waondoke mara moja." Alihesabu silabi kwa vidole juu ya goti, akaacha. "Hiyo haiimbiki. Hakuna mtu angeweza kuimba hiyo, hata ungemchapa. Niliwaambia. Wakasema, basi wewe ndiye mwalimu, tengeneza."

Alikohoa, akajipangusa mdomo kwa kitambaa.

"Nikatengeneza. Ilinichukua muda wa kukamua ng'ombe mmoja. Nilifurahi ilipotoshea, Madam. Mizani nane kwa nane. Sikufikiria wewe. Sikufikiria mama. Nilifikiria nane kwa nane." Akakikunja kitambaa. "Kama ningewaachia vile walivyoleta, ingekufa pale pale uwanjani."

Nilikuwa nimedhani, miaka yote ile, kwamba nikijua nitafanya kitu. Labda nitalia, au nitasimama niondoke, au nitamwambia jinsi mama alivyokaa kwa kaka yake akifagia uwanja wa watu asubuhi na jioni bila kufungua mdomo. Nilitazama sakafu. Ilikuwa imepigwa deki na ilikuwa bado na maji. Nikamwuliza kama amekunywa chai tangu asubuhi. Akasema hajanywa.

Muuguzi alitokea mlangoni na kadi mkononi, akaita jina, jina lake lenyewe, la ubatizo na la baba yake. Hakuitika. Sidhani kama alikuwa amezoea kulisikia. Muuguzi akaita tena, akiangalia benchi zima, na watu wakaanza kutazamana.

Nilimgusa bega.

"Ni wewe, Mwalimu," nilisema.